Jeni Isiyo na Kofia

Mimi ni mwalimu wa biolojia na nina mdomo mbaya. Wanafunzi wangu wa Kampemba wanajua kwamba mtu akikosea neno darasani, simwachi amalize sentensi. Niliwahi kumsahihisha padri katikati ya mahubiri, tena si kwa kunong'ona, na mume wangu alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi nyumbani ili watu wasijue kwamba tuko pamoja. Wanaonifahamu wanadhani ni majivuno ya shule. Sijawahi kuwaambia kwamba nikiwa na miaka kumi na miwili nilitafsiri neno moja vibaya, na kwa ajili ya neno hilo mdogo wangu alikufa.

Neno lenyewe ni jeni. Msomaji wa mbali akilisikia atafikiria damu na urithi. Lakini kwetu Lubumbashi, ambako Kifaransa kimeingia katika Kiswahili mpaka hatujui tena wapi kimoja kinaisha, jeni ya kila siku ni nyingine. Ni haya inayomkuta mtu mgeni akifika na chungu ni kitupu. Ni kukosa. Mtu akikwambia "niko mu jeni", humwulizi zaidi, unampa unga kama unao. Katika miaka ile ya mambo kuvunjika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu kwa sababu lilikuwa na adabu kuliko neno njaa.

Baba yangu alikuwa mlinzi, sentineli kama tunavyosema, kwenye lango la depo ya Kampuni ya migodi. Babu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na baba alizaliwa hapa hapa mjini. Alikuwa na jicho moja. La kushoto lilitolewa akiwa mtoto, na hadithi tuliyopewa ni kwamba kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye nyundo ya babu kikamgonga. Baba alikuwa mwepesi wa kukasirika juu ya jicho hilo. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, ukuta ukiwa kushoto kwake, ili asiwepo mtu wa kumtazama upande huo. Kazini alitamba kwamba jicho lake moja linaona kuliko mawili ya wakubwa wake, na kweli miaka yote hiyo haukupotea hata msumari.

Mimi aliniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kifaransa chake kilikuwa cha langoni: fungua, funga, karatasi yako iko wapi. Kwa hiyo nilipoanza kuwa wa kwanza darasani, alinichukua kila mahali palipohitaji Kifaransa cha watu waliosoma, akanisimamisha mbele yake na kuweka mikono miwili mabegani mwangu. Nilipenda hiyo mikono. Nilipenda pia kuonekana ninajua, na hapo ndipo matatizo yangu yote yalipoanzia.

Kisha Kampuni iliacha kutoa mposho, yaani unga na maharage ya kila mwezi. Mishahara ikaanza kuchelewa, na baadaye tukaacha hata kuuliza. Askari walivunja maduka mjini, na raia wakaingia nyuma yao wakatoka na magodoro na milango. Kule depo, nyaya za shaba zilitoweka siku ambayo baba hata hakuwa na zamu. Walinzi wote wakasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, na mpaka leo haujaisha. Baba alirudi nyumbani na filimbi yake mfukoni, akaiweka juu ya kabati. Kuanzia siku hiyo, mtu akitaja usingizi mbele yake alidhani anasemwa yeye.

Katikati ya balaa hilo mama akajifungua mtoto wa kiume. Sasa tulikuwa watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kike mwenye miaka miwili, na huyo mchanga. Mama ndiye aliyetulisha. Alikuwa akipanda malori mpaka Kasomeno kununua mahindi, na aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka kwa vumbi. Lakini alisema mtoto atabatizwa na picha itapigwa, jeni ama si jeni.

Mpiga picha alitoka Kamalondo na mashine yake ya kuwaka mwanga. Ninayo bado ile picha. Mama anatabasamu na mchanga amelala mikononi. Baba amegeuka upande, kama kawaida yake. Mimi mdomo uko wazi kwa sababu nilikuwa namwambia mtu asimame vizuri. Na mdogo wangu wa kike ametazama mbele, jicho moja jeusi, la pili jeupe kama kigae cha sahani.

Baba alipandwa na hasira. Alikwenda Kamalondo kumwambia mpiga picha kwamba amemharibia mtoto. Yule bwana alikuwa amezoea wateja wa namna hiyo, hakubishana sana.

"Papa, mashini yangu haina kosa," alisema. "Enda ku nyumba, muangalie mutoto."

Tukamwangalia. Mama alimsimamisha mlangoni saa sita mchana, akalifunika jicho lake zima kwa kiganja, akamwambia anifuate. Mdogo wangu akatembea moja kwa moja mpaka ndani ya beseni la maji. Alicheka, akadhani ni mchezo. Mama hakucheka.

Daktari wa macho wakati huo alikuwa mtu wa asili ya Kasai. Lazima nilieleze hili, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Siku zile mikutanoni na redioni ilisemwa kwamba watu wa Kasai wamekula nafasi zetu na warudi kwao, hata kama kwao wenyewe hawakupajua, maana wengi walizaliwa hapa kama baba yangu. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana. Baba hakuwa mtu wa mikutano, lakini maneno yale yalimwingia kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Alikubali mtoto apelekwe kwa yule daktari kwa sababu tu mama alisema asipokwenda yeye, atakwenda yeye mama na mchanga mgongoni.

Daktari hakuchelewa. Aliliondoa lile jicho, akasema lingeachwa kidogo, ugonjwa ungeufuata mshipa mpaka ndani ya kichwa. Baada ya wiki mbili mdogo wangu alikuwa akikimbia uwanjani na kitambaa usoni, akiwagombeza kuku. Baba hakuweza kumtazama. Akimpita alimshika kichwa tu, huku anaangalia pengine.

Siku ya kurudi kuonwa tulikwenda watatu: baba, mimi na mgonjwa. Mama alibaki na mchanga. Daktari alikuwa mfupi, amechoka, rafu zake tupu na dirisha moja limezibwa kwa mbao. Alinawa mikono kwa maji ya dumu, akalichunguza tundu la jicho, akafurahi kweli. Kisha akamtazama baba usoni, upande ule wa kushoto, muda mrefu. Hakuna mtu aliyekuwa akimtazama baba upande ule.

"Papa, jicho yako iliumia lini?"

"Nilikuwa mutoto. Chuma njo ilinipiga."

"Weye mwenyewe unakumbuka ile chuma?"

"Balinielezea," akasema baba.

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Papa, hii ugonjwa ya mutoto inatoka mu jeni. Na jeni inatoka kwako. Haiko kosa yako. Ulizaliwa nayo, pengine na baba yako alizaliwa nayo."

Nilihisi mikono ya baba ikikaza mabegani mwangu. Daktari, masikini, aliona kwamba hajaeleweka, akataka kueleza vizuri zaidi. Akauliza baba anafanya kazi gani. Mimi nikarukia haraka, nikasema baba ni sentineli ku depo.

"Njo muzuri, utanisikia mbio," akasema daktari. "Kila kapande kadogo ya mubiri iko na basentineli babili ku mulango. Kazi yabo ni kusema: simama, usizae tena, inatosha. Bantu bengine banazaliwa na babili bote macho. Weye na mutoto yako, moja analala tangu kuzaliwa. Mwenzake anachunga peke yake. Na ule akilala naye, hata ku kapande moja tu ya jicho, basi, ile kapande inazaa, inazaa, hakuna wa kuisimamisha."

Nimefundisha miaka mingi, nimesikia maprofesa wakitokwa jasho mbele ya ubao, na sijasikia tena mtu akilieleza jambo hilo vizuri kama yule bwana alivyolieleza na koti lake lenye madoa ya wino. Lakini mweke mbele yake mlinzi aliyesimamishwa kazi kwa kosa la wengine. Mweke huyo mlinzi mwenye jicho moja, anayeaibika kwamba mke wake ndiye anayemlisha. Sasa mwambie, wewe mtu wa Kasai katika mwezi ule, kwamba jicho la binti yake limekufa kwa sababu ya jeni, na jeni hiyo inatoka kwake na kwa baba yake, na sentineli alilala, na inazaa, inazaa. Baba alikuwa anapumua kwa pua.

Daktari akachukua taa yake ndogo, akaniangalia macho mimi pia, akasema niko mzima. Halafu akasema jambo ambalo lingeokoa kila kitu. "Ule mudogo iko ku nyumba? Mumulete, mbele mwezi haijaisha. Ile jeni inaweza kuwa naye. Tukiiona ingali kadogo, tunaichoma tu, na macho yanabaki."

Tulirudi kwa miguu. Mdogo wangu alilala begani kwa baba. Tulipofika pale barabara inapokata reli, baba alipunguza mwendo.

"Mama," akasema, "jeni, ku Kifaransa ya masomo, iko nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Neno lile lilikuwa limetoka kwenye imla mwezi uliopita, na darasa zima ni mimi peke yangu niliyeliandika sawa. "Jeni, papa, ni haya. Ao kukosa. Banaandika g, e ya kofia, n, e." Nikamchorea hewani ile e na kofia yake kichwani, kile kialama cha Kifaransa kinachokaa juu ya herufi. Hata nikamtolea mfano kutoka kitabuni, familia iliyo katika jeni.

"Njo vile nilisikia," akasema baba.

Sikujua kwamba Kifaransa kina jeni mbili zinazotamkwa sawa. Somo letu la sayansi lilikuwa limeishia kwenye chura. Mtoto mwingine angesema sijui, papa, twende tukamwulize. Kwangu mimi neno "sijui" halikuwemo katika msamiati.

Nyumbani, mama aliuliza daktari amesema nini. Baba akamjibu akiwa amesimama. "Amesema jicho ya mutoto ilikufwa juu mi niko masikini, na baba yangu alikuwa masikini, na nililala ku kazi."

Mama alimtazama, akanitazama mimi. "Kama jeni inaua macho," akasema, "Lubumbashi muzima ingekuwa kipofu." Kisha akaniuliza, "Kweli alisema vile?"

"Alisema jeni, mama. Niliisikia na masikio yangu."

Mama alitaka mchanga apelekwe hata hivyo. Waligombana siku tatu, kwa sauti za chini ambazo ni mbaya kuliko kelele. Baba alisema hakuna mtoto wake atakayepelekwa kule kuchunguzwa umasikini na mtu aliyekuja kula nchi ya wengine. Mama hakuwa mwoga, lakini alikuwa amechoka, na alikuwa na ushahidi wangu. Binti msomi alikuwa amesikia kwa masikio yake.

Mwezi haukuisha. Watu wa Kasai walianza kutolewa majumbani, na nyumba zao zikavamiwa na wengine hata moto wa jikoni haujazimika. Walikwenda kukaa stesheni, familia kwa familia, chini ya maturubai na shuka, wakisubiri treni ambazo hazikujulikana zitakuja lini. Tulisikia kwamba watoto wanakufa pale. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni, akatua beseni lake, akasema mlango wa daktari wa macho una kufuli na yeye mwenyewe amepanda treni.

"Aende," baba akasema.

Yule mchanga alikuwa anaanza kusimama kwa kushika kiti wakati mama alipouona ugonjwa. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mlangoni, na macho yake yote mawili yaliwaka meupe. Mama aliketi chini, pale pale sakafuni. Baba alimtazama mtoto, akamtazama tena. Kisha akamnyakua na kutoka naye akikimbia bila viatu, mpaka hospitalini kwenye ule mlango wenye kufuli. Aliupiga kwa ngumi mpaka mfagizi akaja kumtoa.

Tulizunguka kila mahali. Mahali pengine palikuwa na taa lakini hapana mtu wa kuitumia. Pengine palikuwa na mtu ila vyombo viliporwa, hata meza. Muuguzi mmoja alituambia tujaribu Zambia, na alilisema kwa upole, kwa sababu aliona viatu vyetu akajua hatuna nauli. Tulifanya novena, sala za siku tisa. Mama aliacha kwenda Kasomeno, na tulikula mara moja kwa siku.

Mtoto aliishi mpaka akatimiza miaka miwili na miezi kadhaa. Nataka ijulikane kwamba hakuwa mtoto wa huzuni. Alitutambua kwa nyayo zetu, na mimi nikija alikuwa akisema "anasema, anasema" kabla sijafungua mdomo. Baba alishusha filimbi kutoka juu ya kabati akawa anampigia, mbali kidogo, kisha karibu, na yeye alitambaa kuifuata huku anacheka mpaka anapata kwikwi. Mwishoni hakuweza tena kutambaa. Kichwa kilimuuma, na alikuwa akikishika kwa mikono miwili bila kulia. Alikufa asubuhi moja ya kiangazi, ambacho kwetu ni baridi kali, akiwa kifuani kwa baba. Baba alikataa kumtoa pale mpaka mchana. Mimi nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni, na sikujua ni hasira ya nani.

Nilikuja kujua chuo kikuu. Nilikuwa nimekaa mbele, kama siku zote. Profesa aliandika ubaoni neno lile, na nikainua mkono kumwambia kwamba amesahau kofia. Alicheka, akasema, "Mademoiselle, hii ni nyingine." Juu ya ile e palikuwa na kijistari tu, kimelala upande. Akaendelea na somo lake. Alisema saratani haitoki nje kuja kutuvamia, ni chembe hai ya mwili wetu wenyewe ambayo haijaambiwa simama. Alisema ziko jeni ambazo kazi yake ni kuizuia chembe isijigawe ovyo: zinaichelewesha, zinaipa muda wa kurekebisha kilichoharibika, na kama hakirekebishiki zinaiamuru ife. Tunazaliwa na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye kurithi nakala moja mbovu anaishi kwa kuitegemea ile moja iliyobaki, na siku hiyo nayo ikiharibika katika chembe moja tu, uvimbe unaanza. Mzazi mwenye nakala mbovu anaweza kumpa mtoto, au asimpe, nusu kwa nusu. Na ya kwanza kabisa kufahamika kati ya jeni hizo, akasema, ilipatikana kwa kufuatilia ugonjwa wa macho ya watoto.

Nilitoka nje somo halijaisha. Sikuwa na hasira na profesa, wala na daktari, wala na baba. Nilikuwa nimeiona ile e niliyoichora hewani karibu na reli, na mkono ulioichora ulikuwa wangu.

Sikumwambia baba. Mwaka ulipita, kisha kumi, kisha zaidi. Nilipozaa, kila mtoto nilimpeleka kwa daktari wa macho kabla ya ubatizo, na wote wako salama. Dada yangu, yule mwenye jicho moja, ana meza ya vitenge Kamalondo na mdomo mbaya kama wangu. Mtoto wake wa pili nilimpeleka mwenyewe, nikalazimisha, na ugonjwa ulikutwa ukiwa mdogo kama kichwa cha pini. Walimchoma kidogo. Leo anasoma bila miwani. Dada yangu alinishukuru mbele za watu, akasema bila mimi mtoto angepotea, nami nilitaka ardhi inimeze.

Kisha paja la baba likaanza kuvimba. Alisema ni uzee, halafu akasema ni kitanda. Tulipompeleka ilikuwa saratani ya mfupa, na tulikuwa tumechelewa. Mlinzi aliyelala tangu kuzaliwa halali jichoni tu, amelala mwili mzima, hata kwenye mifupa. Daktari alinieleza mimi, kwa sababu bado ni mimi niliyesimama mbele.

Alasiri ile mama alikuwa nje jikoni, na baba aliniita niketi kitandani.

"Mama, banasema ni nini?"

Nilijaribu kutafuta neno lingine. Sikulipata. "Ni jeni, papa."

Alicheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. "Bado jeni? Tangu zamani ile, haijachoka na shiye?"

Ningeweza kucheka naye na yakaishia hapo. Lakini nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo na likanitoka lote. Nilimwambia kwamba jeni ziko mbili, moja ina kofia na moja haina. Nilimwambia kwamba yule daktari hakumtukana, wala babu, wala kazi yake. Alikuwa anamweleza damu yetu, na alikuwa anamwomba amlete mtoto. "Mi njo nilikosa, papa. Uliniuliza pale ku reli, nikakujibu bubaya. Ungemupeleka. Mutoto angekuwa muzima." Nililia vibaya, kwa kelele, mimi mwanamke wa miaka arobaini na kitu.

Baba alitazama dari. Kisha akasema, "Haiko weye."

Akavuta pumzi. "Siku ule munganga wa macho alienda, nilikuwa ku gare, pale ku treni. Nilienda kuangalia, na bengine. Tulikuwa tunacheka. Akaniona mu bantu. Akaweka kidole ku jicho yake, hivi. Kiisha akafanya mikono sawa anabeba mutoto. Nilisikia muzuri anataka nini. Haikukuwa mambo ya Kifaransa. Nilimupa mugongo." Akageuza uso kunitazama kwa lile jicho lake. "Njo pale mutoto alikufwa. Haikuwa ku mudomo yako. Panguza makamasi."

Nitasema ukweli: nilimchukia. Kwa muda wa dakika kumi nilimchukia baba yangu anayekufa kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na chini ya hiyo chuki palikuwa na wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia, na wepesi huo ulinitia aibu. Nilitoka nje nisije nikamwambia neno.

Mama alikuwa anamenya viazi vitamu. Niliketi karibu naye. Nilitaka kujua baba alikwenda stesheni na akina nani, niwachukie na wao.

"Mama, siku ile munganga wa macho alipanda treni, papa alienda ku gare na nani?"

"Gare gani?" Hakuinua kichwa. "Ile wiki yote papa yako alikuwa mu kitanda. Malaria. Nilimufunika mablanketi tatu, na ku choo ni mi njo nilikuwa namupeleka. Alijua munganga ameenda juu mi nilitoka na ile habari ku soko."

"Una hakika?"

"Mi njo nilimuosha." Sasa akanitazama. "Juu ya nini unauliza?"

Nilimwambia hakuna kitu, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Baba aliishi wiki tatu nyingine. Kila siku baada ya shule nilikwenda kukaa naye, na nikamwacha aondoke akiamini kwamba nilimwamini.